Leza ipi ifungwe kwenye setilaiti ya kilo nne: ya milisekunde, ya nanosekunde, au uachane na leza kabisa?

Wakuu, swali lenyewe ni hili. Una setilaiti ya 3U, kile kiboksi cha sentimita 10 kwa 10 kwa 30 hivi, kilo 4, na baada ya kamera, redio na kompyuta kula umeme wao unabakiwa na wati 5 za kuitengea thrasta, yaani kiinjini cha kuisukuma. Unataka iweze kujisogeza yenyewe huko juu, na umesikia habari za leza inayochoma kitu kigumu mpaka tabaka la juu linageuka mvuke, mvuke unatoka kwa kasi upande mmoja na setilaiti inasukumwa upande wa pili. Sasa ufunge leza gani, uchome nini, au ununue tu thrasta ya gesi baridi, ile inayopuliza tu gesi iliyoshindiliwa kwenye tanki, ulale usingizi?

Vijana wa vyuo hapa Dodoma wenye ndoto ya kuwa na setilaiti ya kuangalia mashamba ya zabibu, maji ya bwawa la Mtera na malisho ya Kongwa wananiuliza hili sana, na wengi wanaanzia palepale, wanatafuta karatasi ya utafiti yenye namba kubwa ya msukumo kwa wati halafu wanasema tumepata. Mimi naona hapo ndipo mradi unapoanza kupinda. Anza na safari. Unahitaji kubadili kasi kwa mita ngapi kwa sekunde, na unataka hilo liishe ndani ya siku ngapi? Ukishajibu hayo mawili leza inakuwa imejichagua kwa sehemu kubwa.

Historia kidogo tu. Wazo la kusukuma chombo kwa leza alilitoa Arthur Kantrowitz mwaka 1972, yeye akiwaza leza kubwa ya ardhini. Mwaka 2000 Leik Myrabo na wenzake kule White Sands, Marekani, walikipandisha kidude chao hadi mita 71 hewani kwa leza ya kilowati 10 iliyokaa chini. Sisi hatuzungumzii hiyo. Sisi tunazungumzia leza ndogo iliyomo ndani ya setilaiti yenyewe, njia ambayo Claude Phipps aliifanyia kazi miaka mingi kwa leza za dayodi na utepe wa plastiki.

Namba mbili zinazovutana

Kila leza na kila kitu unachokichoma vinakupa namba mbili. Ya kwanza ni msukumo kwa kila wati ya mwanga, tunauhesabu kwa mikronyutoni, yaani sehemu za milioni za nyutoni. Ya pili ni kasi ya mvuke unaotoka, na hiyo ndiyo inayokwambia utatumia gramu ngapi. Hizi mbili zinavutana, ukiipandisha moja nyingine inashuka, sababu nishati ni ileile: ama utoe mvuke mwingi unaokwenda polepole upate nguvu, ama utoe kidogo unaokimbia sana ubane mafuta.

Na kuna ukaguzi mmoja naomba kila mtu aufanye kabla ya kuamini karatasi yoyote. Chukua nyutoni kwa wati, zidisha na kasi ya mvuke kwa mita kwa sekunde, jibu lisizidi 2. Likizidi 2 maana yake umetoa nishati nyingi kuliko mwanga ulioingiza, na hilo linawezekana tu kama kitu unachochoma kina kemia yake ya kuwaka, mfano ile polima ya GAP ambayo kina Phipps waliripoti inatoa hadi kama milinyutoni 3 kwa wati na mvuke wake unakwenda kama mita 1,200 kwa sekunde. Zidisha hapo unapata 3 na kitu, sawa kabisa, GAP inaongeza moto wake mwenyewe. Ila mtu akikuletea namba kama hizo kwa alumini au plastiki ya kawaida, kuna kitu kimepimwa vibaya.

Washindani wenyewe

Leza ya milisekunde ni dayodi ya kawaida, ndugu wa hizi za mashine za kuchonga mihuri, inawaka milisekunde chache inazima inawaka tena. Inachoma plastiki nyeusi, mara nyingi PVC iliyochanganywa na kaboni, iliyopakwa juu ya utepe wa plastiki inayopitisha mwanga. Hesabu ya kukadiria: mikronyutoni 100 kwa wati, mvuke mita 2,000 kwa sekunde.

Dayodi ileile unaweza ukaibadilishia utepe ukaweka GAP. Hapo nguvu inapanda mara 10 au zaidi, ila mvuke unapungua kasi hadi hiyo 1,200 au chini kidogo.

Leza ya nanosekunde ni mnyama mwingine. Inakusanya nishati inaitema kwa muda mfupi sana, kiasi kwamba hata dhahabu au alumini inageuka plazma kabla joto halijapata muda wa kusambaa. Hapa mvuke unafika mita 30,000 kwa sekunde na zaidi, Phipps alipata kipimo cha sekunde 3,660 kwenye dhahabu (wataalamu hugawa kasi ya mvuke kwa 9.8 wakapata sekunde), hiyo ni kama mita 36,000 kwa sekunde. Nguvu kwa wati ndiyo inalia, tukadirie mikronyutoni 30.

Mtego wa wati

Hizo wati zote hapo juu ni wati za mwanga. Wewe betri yako haitoi mwanga, inatoa umeme. Dayodi nzuri inageuza karibu nusu ya umeme kuwa mwanga, kwa hiyo wati zako 5 zinakuwa 2.5. Leza ndogo ya nanosekunde yenyewe inasukumwa na dayodi halafu inapoteza tena njiani, ukipata asilimia 10 shukuru, wati 5 zinakuwa nusu wati. Sasa piga hesabu upya: dayodi na plastiki nyeusi inakupa mikronyutoni 250, dayodi na GAP kwa makadirio ya chini inakupa 2,500, nanosekunde na dhahabu inakupa 15. Kwenye karatasi 100 na 30 vilionekana majirani, kwenye betri tofauti imekuwa karibu mara 17. Hii ndiyo sababu nasisitiza mtu alinganishe kuanzia kwenye waya wa betri, na ahesabu humo na saketi ya kuendeshea leza na mota ya utepe, sababu vyote vinakula umeme uleule.

Sasa safari

Tuchukue mita 10 kwa sekunde kwa kilo 4. Plastiki nyeusi itamaliza kazi kwa saa 44 za kuwaka mfululizo na itakula gramu 20. GAP saa 4 na nusu hivi, gramu 34. Dhahabu siku 31, ila mafuta gramu 1.3 tu. Weka hapo pembeni gesi baridi, ambayo haitegemei sana umeme, yenyewe inakula kama gramu 63. Na ile thrasta ya cheche za umeme kwenye Tefloni, ya zamani kabisa, Wasovieti waliirusha kwenye Zond 2 mwaka 1964, kwa wati 5 inakupa kama mikronyutoni 60, inamaliza kwa wiki na siku moja hivi, na inakula gramu 7.

Mtu akiangalia hapo haraka atasema nanosekunde haifai. Subiri kwanza. Siku 31 ni nyingi kwa kazi ipi?

Tuseme mmerusha setilaiti mbili pamoja, mnataka moja ikae upande wa pili wa mzingo ili Dodoma ipigwe picha mara nyingi zaidi. Kwenye kimo cha kilomita 500 ukibadili kasi kwa mita 1 kwa sekunde, setilaiti inaanza kuachana na mwenzake kama kilomita 260 kila siku, yenyewe, bila mafuta mengine. Nusu ya mzingo ni kama kilomita 21,600. Ndani ya miezi mitatu hivi imefika, unatumia mita 1 nyingine kuisimamisha. Jumla mita 2 kwa sekunde! Hata nanosekunde yenye mikronyutoni 15 inaimaliza kwa siku 6 na ushee za kuwaka, na miezi mitatu ya kusubiri ni ileile kwa kila mtu. Kukwepa vyuma chakavu huko juu nako ni hivyohivyo, sentimita 1 tu kwa sekunde inakusogeza zaidi ya kilomita 2 mbele au nyuma kwa siku, na kwa nanosekunde hiyo ni kama dakika 45 za kuwaka. Tahadhari ikija siku mbili kabla, unawahi vizuri tu.

Nanosekunde inashindwa pale unapotaka kushusha setilaiti. Toka kilomita 500 hadi 350 ni kama mita 84 kwa sekunde, kwa mikronyutoni 15 ni siku 259 za kuwaka bila kupumzika, na setilaiti haiwezi kuwaka bila kupumzika, kila mzunguko wa dakika 95 hivi inaingia kivulini zaidi ya nusu saa. Plastiki nyeusi ni siku 16, ila inataka gramu karibu 170 za mafuta, na hapo utepe wenyewe unaobeba hayo mafuta haujahesabiwa, utepe ukiwa na unene sawa na lile tabaka jeusi basi karibu unazidisha uzito mara mbili. Na hii habari ya kushusha si ya hiari tena kwa wengi: mwaka 2022 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliamua setilaiti za mizingo ya chini zilizo chini ya leseni zake zitoke ndani ya miaka 5 baada ya kazi kuisha, zamani ilikuwa 25. Ukiwa kilomita 400 hewa inakushusha bure, ukiwa 600 ni kilio, fikiria kimo kabla hujafikiria leza.

Nguvu nyingi nayo ina ubaya wake

Hapa watu wengi wanaruka na mimi nataka tukae kidogo. Msukumo hauwezi kupita katikati kabisa ya uzito wa setilaiti, utepe unahama toka spuli hii kwenda ile, doa la leza linahama pembeni, betri haikukaa pale mlipochora. Chukua kosa la sentimita 1. Mikronyutoni 250 mara sentimita 1 inakupa mzunguko ambao magurudumu ya kugeuzia ya setilaiti ndogo, yenye uwezo wa kama milinyutoni-mita-sekunde 10, yanaumeza kwa dakika 67 kisha yanajaa. GAP inayajaza kwa dakika 7 kasoro. Yakijaa, setilaiti haijigeuzi tena mpaka koili za sumaku ziyapunguze, na hizo ni za polepole. Ile ya nanosekunde koili za sumaku zinaimudu bila hata magurudumu kushtuka. Kwa hiyo mtu anayeweka GAP kwenye 3U kwa sababu ya nguvu yake atajikuta anaiwasha dakika chache anazima anasubiri, na ile saa 4 na nusu inageuka siku kadhaa. Bado ni haraka, lakini si ile haraka uliyoilipia.

Na kama kazi yenu inataka kulenga kamera kwa usahihi sana, ukubwa wa pigo moja ndio mnaotakiwa kuuangalia. Pigo la nanosekunde la milijuli 1 linatoa nanonyutoni-sekunde 30. Dayodi ya wati 2.5 ikiwaka milisekunde 2 inatoa 500. Cheche za Tefloni ni kubwa zaidi ya hapo kwa mbali, na zinapiga kelele kwenye redio juu yake.

Moshi na lenzi

Nenda kwa fundi yeyote anayechonga mihuri kwa leza pale mjini, simama dakika chache uangalie. Ana kifeni kinapuliza moshi pembeni, na bado kila baada ya kazi kadhaa anachukua pamba na spiriti anafuta lenzi, asipofuta mstari unafifia, akiendelea hivyo lenzi inapasuka. Angani hakuna kifeni na hakuna fundi. Mvuke kwenye vakyumu hauelei, unakwenda moja kwa moja mpaka unapogonga kitu unaganda hapo.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kupiga. Moja ni kupiga toka mbele, leza na mvuke viko upande mmoja, lenzi inakula uchafu. Nyingine ni kupiga toka nyuma kupitia utepe unaopitisha mwanga, mwanga unapita, unafika kwenye lile tabaka jeusi, mvuke unatokea upande wa pili na lenzi haiuoni. Dayodi ya milisekunde inakubali namna ya pili vizuri kabisa. Nanosekunde haikubali kirahisi, kile kishindo cha mwanga kinauumiza utepe wenyewe kabla hakijafika kwenye mafuta, na chuma kigumu huwezi kukipiga toka nyuma. Ukichagua nanosekunde umechagua kuilinda lenzi miaka yote, kwa umbali, kwa pembe, kwa kioo cha kujitoa mhanga. Mimi hili linanitia wasiwasi zaidi ya zile mikronyutoni 15.

Kurekebisha doa

Ukishachagua, kinachobaki kwenye kuboresha ni nishati kwa kila eneo la doa. Chini ya kiwango fulani unapasha moto tu, plastiki inavimba na kutoa harufu, msukumo hakuna. Ukipanda nguvu inapanda mpaka kilele, ukizidisha tena kwa nanosekunde plazma yenyewe inaziba njia na kula mwanga unaokuja nyuma yake, msukumo kwa wati unashuka ingawa mvuke unazidi kukimbia. Kilele kinapanda kufuata kipeuo cha pili cha urefu wa pigo, kwa nanosekunde chache kipo kwenye juli chache kwa sentimita mraba. Usipige mara nyingi sehemu moja, shimo likizama fokasi inapotea, sogeza utepe. Na msichukue Tefloni nyeupe mkaiweka mbele ya dayodi, mwanga unapita zake, lazima itiwe kaboni.

Joto pia. Dayodi inayotoa wati 2.5 za mwanga inatoa na wati 2.5 za joto, hakuna hewa ya kuipooza, joto lazima lipite kwenye chuma hadi ubavuni mwa setilaiti. Ya nanosekunde inakuachia wati 4 na nusu za joto hapohapo leza ilipo. Jaribuni hilo mapema.

Makaratasi na soko

GAP ni jamii ya vitu vya kuwaka, kuvisafirisha na kuvipitisha forodhani ni shughuli, na anayekubebea setilaiti atauliza maswali mengi. Tanki la shinikizo la gesi baridi nalo lina maswali yake. PVC nyeusi na kipande cha dhahabu havimtishi mtu. Kwa upande wa uzoefu angani gesi baridi iko mbele, zile setilaiti ndogo mbili za NASA, MarCO, zilikwenda nayo hadi Mars mwaka 2018, ingawa moja ilivuja. Kuna na thrasta ya iodini ya kampuni ya ThrustMe ya Ufaransa iliyorushwa mwaka 2020, nzuri sana, ila inataka umeme ambao 3U ya wati 5 haina.

Ningechagua nini

Kama kuna mteja amelipa na anataka picha za Mtera mwakani, nunueni gesi baridi au cheche za Tefloni zilizokwisha ruka, msifanye majaribio na hela ya mtu. Kama setilaiti ni 1U, yaani theluthi ya ile 3U, ya wati 2 hivi, msiweke thrasta yoyote, mtumie nafasi hiyo kwa betri. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya 1U, iliachiwa toka kituo cha anga za juu mwaka 2018 ikafanya kazi yake na kushuka yenyewe.

Kama lengo ni kujenga kitu chenu wenyewe kwenye 3U, nachagua dayodi ya milisekunde na plastiki nyeusi, kupiga toka nyuma, bila kusitasita. Vipande vinapatikana, unaweza kufunga dayodi nne pembeni kwa pembeni na moja ikifa tatu zinaendelea, na mita 20 kwa sekunde inatosha kwa kutenganisha mzingo na kukwepa. Nanosekunde ningeiweka kwa wenye 6U, mara mbili ya 3U, yenye paneli za jua za kukunjua, safari ya miaka mingi na kamera inayotaka utulivu wa hali ya juu. GAP ningewaachia wenye mshirika ambaye tayari ana vibali na maabara yake.

Kuhusu majaribio hapahapa Dodoma: pampu ya vakyumu ya mafundi friji ni nzuri kwa kujifunza kuziba mivujo, haitoshi kupima msukumo, gesi inayobaki kwenye chemba inatosha kuudanganya mzani. Mnahitaji pampu ya hatua ya pili, turbo, na mzani wa kujinyonga kwenye waya uliosawazishwa kwa nguvu inayojulikana. Vaeni miwani ya leza inayolingana na rangi ya leza yenu, ile mwali wa bluu wa dayodi za kuchongea unaharibu jicho kabla hujapepesa. Bajeti ikiwa ndogo nunueni mzani na pampu kwanza, leza ya kuanzia mtaitoa kwenye mashine ya kuchongea iliyokufa mota.